Maswali Yenu: Kwa Nini Hita ya Jirani Inadumu na Yako Haidumu?

Kila ifikapo Juni, baridi inapoanza kushuka Arusha, Mbeya na Nairobi, barua zinazohusu hita za maji huanza kumiminika katika safu hii, na safari hii hata wakazi wa pwani, ambao baadhi yetu hudhani hawana haja ya maji ya moto, wameandika kwa wingi. Wengi wanauliza swali lile lile kwa maneno tofauti: hita ya nyumbani inapaswa kudumu miaka mingapi? Watengenezaji na wauzaji hutaja miaka 8 hadi 12 kwa hita ya tangi, na zaidi ya hapo kwa zile zinazopasha maji yanapopita. Makadirio hayo si ya uongo, ila yamefanywa kwa maji ya kawaida yaliyosafishwa, na maji yanayoingia nyumbani kwako huenda si ya namna hiyo. Nimechagua barua sita ambazo, kwa maoni yangu, zinagusa sababu zilizo nyingi.

Ndugu mjibu maswali, mimi na jirani yangu hapa Kigamboni tulinunua hita za umeme za lita 50, za aina moja na kutoka duka moja, katika mwezi mmoja. Yake inaingia mwaka wa saba. Yangu ilianza kuvuja kwa chini baada ya miaka miwili na miezi minne, na fundi amesema tangi limetoboka na halizibiki. Mwenye duka anadai nilikuwa ninaiwasha mno. Je, niliuziwa bidhaa bandia? Labda niongeze kwamba yeye anatumia maji ya bomba, nami ninatumia kisima kifupi tulichochimba uani.

Hukuuziwa bandia, au angalau hakuna haja ya kudhani hivyo, na wala sidhani kwamba kuiwasha mno ndiko kulikoitoboa. Jibu umelibeba mwenyewe katika ile sentensi uliyoiongeza mwishoni kama jambo dogo: hita zenu ni za aina moja, lakini maji yenu si ya aina moja.

Fikiria bakuli la enameli, lile la zamani lenye maua na ukingo wa buluu ambalo bado lipo katika kabati za bibi zetu. Ndani yake ni chuma cha kawaida, na kinachokizuia kisishike kutu ni utando wa kioo uliochomewa juu yake kwa moto mkali. Siku bakuli likianguka na utando ukabanduka, kutu huanza pale pale penye kovu na kutambaa chini kwa chini mpaka ukingo wote unakuwa wa kahawia. Tangi la hita nyingi zinazouzwa madukani kwetu limejengwa vivyo hivyo: chuma kwa nje, enameli kwa ndani. Kwa kuwa ni vigumu mno kupaka enameli isiyo na hata tundu moja, hasa kwenye maungio na kwenye shingo zinazopokea mabomba, watengenezaji huweka mlinzi wa pili, ambaye wanunuzi wengi hawajawahi kumwona wala kuambiwa habari zake. Ni fimbo ya magnesi, nene kama kidole, inayozama katikati ya maji kando ya koili, yaani kile chuma kinachopata moto wa umeme na kupasha maji. Mafundi huiita anodi.

Kazi ya anodi ni kuliwa. Metali mbili zikiunganishwa ndani ya maji yanayopitisha umeme, ile inayoliwa kwa urahisi zaidi hutangulia kuliwa, na nyingine husalimika kwa muda wote ambao mwenzake bado yupo. Elimu hii si ya juzi. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita ingeweza kukingwa na maji ya bahari kwa vipande vya zinki au chuma vilivyobanwa juu yake. Hadi leo fundi yeyote wa mashine za boti akiinua mashine kutoka majini anaweza kukuonyesha kipande cha zinki kilichotafunwa kikabaki kama mfupa, wakati mashine yenyewe ni nzima. Ndani ya hita yako mambo yalikuwa hayo hayo, isipokuwa hakuna aliyeinua kitu kutazama.

Sasa, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kadiri yanavyoupitisha ndivyo yanavyoimaliza fimbo haraka. Visima vingi vya Dar es Salaam vilichimbwa baada ya ukame wa mwaka 1997 kupunguza maji ya Mto Ruvu, na katika maeneo yaliyo karibu na pwani kila ndoo inayovutwa kutoka kisima kifupi huyapa maji ya bahari nafasi ya kusogea chini ya ardhi. Huenda fimbo ambayo ingeishi miaka minne au mitano kwa jirani yako iliisha kwako kabla mwaka wa pili haujakamilika, na tangu siku hiyo kutu ikageukia makovu ya enameli bila kizuizi. Kutoboka baada ya hapo ni suala la miezi.

Ukinunua hita nyingine, mwulize muuzaji kabla hujalipa kama anazo anodi za akiba za hita hiyo hiyo, na akikushangaa, nenda duka la pili. Fundi aifungue hita baada ya miezi sita ya kwanza ili upime kasi ya maji yako. Akikuta fimbo imeliwa nusu, au waya wa chuma ulio katikati yake umeanza kuonekana, aibadilishe siku hiyo, na tangu hapo utajua mwenyewe kama zamu yako ni miezi minane au miaka miwili. Bei ya fimbo ni sehemu ndogo sana ya bei ya hita nzima. Soma pia karatasi ya dhamana hadi maandishi ya mwisho, kwa sababu nyingi huweka sharti kwamba anodi ikaguliwe kila mwaka, na mwenye duka anayekulaumu kwa kuwasha mno angekuwa na hoja nzito zaidi kama angekuonyesha sharti hilo.

Neno moja kuhusu matangi ya chuma kisichoshika kutu, kwa maana najua utashauriwa ununue hilo. Jina lake ni zuri kuliko tabia yake. Kloridi iliyo katika maji ya chumvi hutoboa chuma hicho kwa vijitundu vidogo kama vya sindano, hasa maji yakiwa ya moto, na aina ya kawaida inayoitwa 304 ndiyo inayoathirika zaidi. Aina ya 316, ambayo imeongezwa molibdeni, huvumilia zaidi lakini bei yake pia hupanda. Ikiwa ulimi wako unaonja chumvi katika maji ya kisima, usihesabu kwamba 304 itakuokoa. Njia iliyo ya uhakika zaidi, kama bomba la jirani linafika kwako, ni kuilisha hita peke yake maji ya bomba na kukiachia kisima kazi ya kufulia na kumwagilia.

Fundi, hujambo. Hita yetu hapa Bamburi, Mombasa, ikiwashwa hunguruma na kutokota kama sufuria ya maharage. Zamani ilipasha maji kwa saa moja na nusu, siku hizi inakaribia saa tatu na maji bado ni vuguvugu. Tumebadilisha koili mara mbili katika mwaka mmoja. Tatizo ni umeme?

Sijambo, ahsante. Umeme hauna hatia hapa; mmekalia mwamba wa matumbawe, na maji yanayopenya katika mwamba huo huyeyusha chokaa na kutoka nayo. Hali ni hiyo hiyo Unguja na katika sehemu kubwa ya pwani yetu.

Vitu vingi tunavyovijua, kama sukari, huyeyuka zaidi maji yakipata moto. Chokaa ya kwenye maji hufanya kinyume: maji yakipashwa, hujitenga na kuganda, na huganda kwanza pale penye moto mkali zaidi, yaani juu ya koili yenyewe. Chungulia ndani ya birika lako la umeme na utauona ukoko ule ule mweupe. Ukoko huo ni kizuizi cha joto. Koili hubaki ikiungua ndani ya gamba, joto lake haliyafikii maji kwa wakati, ngozi yake inapasuka, na ndipo mnanunua nyingine. Magamba yanayobanduka huanguka chini ya tangi na kufanya tabaka. Maji yaliyonaswa chini ya tabaka hilo hugeuka mvuke na kupasua njia ya kutokea, na hiyo ndiyo sauti ya maharage mnayoisikia.

Nitakupa hesabu ili uone ukubwa wa jambo. Maji yenye miligramu zaidi ya 180 za ugumu, yaani chokaa iliyoyeyuka, kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana. Tuseme ya kwenu yana 300, na familia inatumia lita 100 za maji ya moto kwa siku. Kwa mwaka mmoja karibu kilo 11 za chokaa zitakuwa zimepita ndani ya hita. Kwa bahati nzuri nyingi huendelea na safari hadi bafuni, lakini hata ikibaki sehemu moja kati ya kumi, mmeshaweka zaidi ya kilo nzima ya mawe ndani ya tangi la lita 50.

Mambo mawili yako mikononi mwenu. La kwanza ni kushusha thamostati. Hita nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa nyuzi 75, na mafundi wengi huziacha hapo ili mteja afurahie. Ishusheni hadi 60, kwa sababu juu ya kiwango hicho chokaa huganda kwa kasi na kutu nayo huongeza mwendo. Sishauri mteremke chini ya 50, maana katika maji ya uvuguvugu yaliyotuama huweza kuzaliana bakteria wanaosababisha homa kali ya mapafu. La pili ni kusafisha tangi kila mwaka, na kwa maji yenu ningesema kila miezi sita. Zimeni sakiti breka na si swichi peke yake, acheni maji yapoe, fungeni koki ya kuingiza maji, fungueni koki ya maji ya moto bafuni ili hewa iingie, kisha mwageni maji yote kwa kupitia chini. Koili itolewe na kulowekwa katika siki au maji ya asidi ya limau mpaka ukoko ulainike wenyewe. Mkimwona fundi anaingiza bisibisi ndani ya tangi na kuanza kukwangua, mzuieni kwa adabu lakini mara moja, kwa sababu kila mkwaruzo wa bisibisi ni kovu jipya kwenye enameli. Na mpira wa mfuniko ubadilishwe kila hita inapofunguliwa, hata kama wa zamani unaonekana mzima.

Wapo watakaowauzia mashine ya kulainisha maji. Inafanya kazi, lakini huondoa chokaa kwa kubadilishana na sodiamu, na maji yaliyolainishwa namna hiyo humaliza anodi haraka kuliko awali. Mkiiweka, ongezeni idadi ya ukaguzi wa fimbo badala ya kuupunguza.

Shikamoo. Hita yangu hapa Njiro, Arusha, ilikuwa inadondosha maji kila ikiwaka, kutoka kwenye kijipua kidogo kilicho pembeni ya valvu ya usalama. Fundi alikiziba kwa plagi ya chuma na tepu nyeupe, na sasa haidondoshi tena. Mume wangu anasema kazi imekwisha, lakini mimi nina wasiwasi.

Marahaba, dada yangu, na wasiwasi wako una haki yote. Kabla hujaendelea kusoma, naomba uende ukazime sakiti breka ya hita hiyo, na isiwashwe tena mpaka plagi hiyo itakapotolewa.

Maji yakipata joto huvimba. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa takriban robo tatu za lita, na kwa kuwa chini ya hita huwekwa valvu isiyoruhusu maji kurudi kwenye bomba, ongezeko hilo halina mahali pa kwenda isipokuwa kupitia kijipua hicho. Matone uliyokuwa ukiyaona wakati hita ikiwaka yalikuwa kazi yake ya kawaida. Alichofanya fundi ni sawa na kuziba kipua cha kupumulia cha sufuria ya presha na kuiacha jikoni. Kwa upande wa maisha ya hita, tangi sasa hunyooshwa na kulegezwa kila siku kwa presha ambayo halikujengewa, na enameli, ambayo ni kioo na haijui kunyooka, huanza kupata nyufa. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba thamostati ikigoma siku moja na koili ikaendelea kuwaka, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha, na tangi likipasuka sehemu ya maji hayo itageuka mvuke kwa mara moja. Lita moja ya maji huwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Matangi ya namna hiyo yamewahi kung'oa kuta.

Dawa ya matone ni bomba jembamba la plastiki lililovikwa kwenye kijipua na kushushwa hadi kwenye mfereji wa bafuni, likiwa wazi upande wa chini. Ikiwa maji yanatoka mfululizo hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, basi ama valvu imechakaa ama presha ya maji yanayoingia ni kubwa mno, na hapo hufungwa kipunguza presha kwenye bomba kuu. Nyumba inayopata maji kutoka tangi la juu ya paa haina shida hiyo, kwa sababu mita 10 za kimo hutoa bar moja tu, wakati valvu nyingi za hita hufunguka zinapofika bar 8 hivi. Na kila mwezi inua mkono mdogo wa valvu mara moja, maji yachuruzike kidogo kisha uurudishe, ili chokaa isiugandishe ukashindwa kufunguka siku unapohitajika.

Je, kuzima hita baada ya kuoga kunaiharibu? Hapa kwetu Nairobi tumegawanyika: baba mwenye nyumba anasema iachwe ikiwaka daima, mke wangu anataka izimwe. Halafu umeme wetu hupanda na kushuka.

Kwa habari ya maisha ya hita, namuunga mkono mkeo, ingawa tofauti si kubwa kama mnavyobishana. Tangi linalokaa na maji ya moto usiku na mchana hutumikia kutu kwa saa nyingi zaidi kuliko lile linalopashwa asubuhi na jioni. Wanakemia hukadiria kwamba nyuzi 10 za ziada hukaribia kuongeza maradufu kasi ya vitendo vya namna hii. Hoja ya baba mwenye nyumba, kwamba kupasha na kupoa huchosha tangi, ina ukweli kidogo, lakini mara mbili kwa siku ni mchezo mdogo kwa tangi lililo wazi kwenye valvu yake. Nyumba yenye watu sita wanaopokezana bafuni na hita ya lita 30 itaichosha zaidi kwa udogo wa tangi kuliko kwa swichi.

Umeme unaopanda ni jambo la kuzingatia zaidi. Nguvu ya koili huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo koili iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipokea 270, hutoa joto la karibu asilimia 38 zaidi ya ilivyokusudiwa, na ikiwa imevaa ukoko haitamaliza mwaka. Kifaa cha kukata umeme volti zinapovuka mpaka kinafaa kuwekwa, mradi kiwe cha ampea zinazolingana na hita. Vile vidogo vya friji na televisheni huyeyuka. Kuna hatari nyingine ambayo Wanairobi waliozoea mgao wa maji wanaijua: maji yakikatika na tangi likawa tupu, koili iliyowashwa kikavu huungua kwa muda mfupi sana. Maji yakirudi, fungueni kwanza koki ya moto mpaka yatoke mfululizo bila kukoroma kwa hewa, ndipo muwashe.

Assalaam alaykum. Maji yetu ya moto hapa Fuoni, Unguja, yananuka yai viza. Ya baridi hayanuki hata kidogo. Hita ina mwaka mmoja tu. Imeshaharibika?

Waalaykum salaam. Haijaharibika, na kinachonuka ni urafiki usiofaa baina ya anodi na maji ya kisima. Baadhi ya maji ya ardhini huwa na salfati na bakteria wanaoigeuza salfati hiyo kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni, na magnesi inapoliwa huwaongezea hao bakteria chakula. Pandisheni thamostati hadi mwisho kwa saa chache, kwa tahadhari kwamba asiguse mtu koki ya moto katika muda huo, kisha mwageni maji yote. Harufu ikirejea baada ya wiki mbili au tatu, badilisheni fimbo ya magnesi muweke ya alumini iliyochanganywa na zinki. Asije mtu akawashauri mwitoe fimbo na kuacha tundu limezibwa: harufu itakwisha kweli, na hita nayo itaifuata.

Mimi ni mstaafu wa Mbeya, nina miaka 71. Nimefungiwa hita ya jua yenye mirija ya kioo. Katika miezi minane imepasuka mirija mitatu, yote katika siku ambazo maji yalikuwa yamekatika. Kijana wangu anasema ni baridi ya usiku. Nifanyeje?

Shikamoo, mzee wangu. Kijana hakukosea kwa kufikiri baridi, maana Mbeya yenu huipata kweli, lakini usiku haukuhusika. Mirija hiyo ni ya kuta mbili, na katikati yake hewa imeondolewa kama kwenye chupa ya chai, kwa hiyo baridi ya nje haipenyi kwa urahisi wala joto la ndani halitoki. Ikikaa tupu juani, ukuta wa ndani hupanda zaidi ya nyuzi 200. Kisha maji yanarudi saa saba mchana, yakiwa na ubaridi wa mlimani, na kuingia moja kwa moja katika kioo kilichoungua hivyo. Ni yale yale ya kumimina maji baridi katika bilauri iliyotoka kwenye maji yanayochemka.

Ninavyokushauri, koki inayoilisha hita ifungwe mara tu maji yanapokatika, ili yasije yakarudi mchana bila wewe kuwa na habari. Uifungue alfajiri inayofuata kabla jua halijapiga mirija, au jioni ya saa mbili, kioo kikiwa kimepoa. Ikibidi kujaza mchana, mirija ifunikwe kwa turubai na uisubiri ipoe saa kadhaa. Kama mgao wa kwenu ni wa mara kwa mara, suluhisho la kudumu ni simtanki dogo la akiba lililowekwa juu ya hita, lenye boya, ambalo litaipa maji hata bomba likikauka kwa siku mbili.

Mengine katika hita yako yana nafasi ya kudumu kuliko hita ya umeme, kwa kuwa hakuna koili inayoungua, isipokuwa kama walikufungia ile ya akiba kwa siku za mawingu. Kama ipo, basi nayo isiwashwe tangi likiwa tupu. Mwombe kijana apande aangalie mipira iliyo kwenye shingo za mirija, kwa sababu jua huikausha ikapasuka, na tone linalopita hapo huingia katika sufi ya kuhifadhi joto na kuozesha ganda la nje bila mtu kuona. Apande asubuhi, mirija ikiwa bado baridi, na apande na mipira mipya mfukoni.